Simu Moja Mkekani

Jumamosi, mwezi wa tano, hapa Munje. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri na haikupumzika, ila mara moja karibu na adhuhuri, ikakatika muda wa mtu kuanika leso mbili tatu na kuzianua tena zikiwa zile zile mbichi.

Leo Bi Mkubwa alikuwa na mtihani wake wa pili. Naliandika hili kwanza, maana mengine yote yametokana nalo, na mimi nikianza mbali hupotea njiani. Kama asingepita leo, mwisho wa mwezi ujao angetoka kazini, baada ya miaka yote hiyo. Na katika jambo hilo mimi nina mkono wangu. Kama ulikuwa mkono wa heri au wa kimbelembele, mpaka saa hizi sijui.

Sisi ni wafanyakazi wa kampuni inayotunza nyumba za wageni kule Diani. Wenye nyumba huja likizo, au hukodisha kwa watu wengine, na sisi ndio tunaofua, tunaopiga deki, tunaotandika vitanda na kufungua madirisha ili nyumba isinuke uvundo. Mimi nasimamia wanawake wa usafi. Bi Mkubwa ndiye aliyetutangulia sote. Si mamangu wala si shangazi yangu. Namwita Bi Mkubwa kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na kila mtu, na nyumba yake na yangu zimetengwa na ua wa makuti tu.

Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Nilikuwa msichana niliyeishia darasa la nane, sijalala hata usiku mmoja kwenye kitanda chenye shuka mbili, nikapelekwa kwenye hoteli moja ya ufuoni ambayo siku hizi imefungwa. Mapaa yake yameporomokea ndani na tumbili ndio wageni. Wakati ule hakukuwa na darasa. Mtu mpya alipewa ndoo, akaambiwa, "Mfuate yule." Basi. Tulikuwa tukisema fulani anafuata ndoo, ingawa ndoo alikuwa ameibeba yeye mwenyewe na aliyefuatwa ni mtu.

Siku za mwanzo hukuruhusiwa kugusa kitanda. Ulisimama mlangoni na ndoo yako, ukatazama. Bi Mkubwa kazini hakuwa na maneno. Aliikung'uta shuka ikajaa upepo, ikashuka polepole mpaka ikajilaza mahali pake, akapitisha kiganja mara moja, akaenda zake. Siku aliyonikabidhi shuka ya kwanza nilihangaika nayo mpaka nikatoka jasho. Nikaikunja pembe. Akaja, akaikunjua yote bila kusema neno, akanirudishia. Nikakunja tena. Akakunjua tena. Hata leo nikikunja pembe ya shuka hunijia harufu ya ule ushoroba: nta ya sakafu, sabuni ya mche, na chumvi ya bahari iliyoganda kwenye mapazia. Saa ya mapumziko tulikaa nyuma ya chumba cha dobi, mgongo ukutani, mahali mvuke wa pasi ulipotokea dirishani, tukala muhogo wa kuchemsha kwa pilipili na ndimu. Hapo ndipo aliposema. Hapo aliwaiga wageni, alimwiga msimamizi, alituiga sisi wenyewe, mpaka mtu akapaliwa na muhogo.

Sisemi zamani kulikuwa bora. Wapo waliofuata ndoo nyuma ya mtu mkali, wakatoka na machozi na wasijue kitu. Mimi nilipata bahati. Lakini moyo wangu ukiachwa peke yake hurudi pale ukutani, kwenye mvuke.

Jambo lingine alilonifunza ni kujua dawa kwa harufu. Bi Mkubwa alisoma chuo cha Kurani, na msahafu anausoma vizuri, lakini maandishi ya kwenye chupa humkimbia. Basi hufungua kifuniko akaleta pua: hii ya vioo, hii ya choo, hii ya nguo nyeupe. Sisi sote tuliopita mikononi mwake tuliiga pua hiyo hiyo, hata sisi tunaojua kusoma. Siku moja, katika hoteli ile, mtu alikuwa amemimina masalio ya dawa ya choo ndani ya chupa ya dawa ya kung'arisha nguo. Bi Mkubwa akafungua, akanusa. Tulimtoa nje akikohoa, macho yanamchuruzika, tukamkalisha kivulini tukampa maziwa. Alipopata sauti alisema, "Leo nimeinusa Jehanamu." Tulicheka sana kwa kuwa yu hai. Kesho yake alinusa chupa kama kawaida, nasi nyuma yake tukanusa.

Sasa nije kwenye mambo ya mwaka huu.

Mwezi wa pili, wageni walipoanza kupungua, meneja wetu aliniita ofisini. Ni msichana wa bara, mdogo kwangu kwa umri, lakini kila asubuhi humwamkia Bi Mkubwa shikamoo kabla ya neno lingine lolote, na hilo sina budi kumwandikia. Akaniambia nyumba tunazotunza zinauzwa, na mkataba wetu nazo unaisha mwisho wa mwezi wa sita. Wamepatikana wenye nyumba nyingine, wako tayari kutupa kazi, ila wanataka kila anayeingia kusafisha awe na cheti cha usafi na cha kutumia dawa. Asiye na cheti haingii. Kampuni italipia mafunzo, na mafunzo yatakuwa ya mtandaoni, kwa simu. Walikuwa wamejitokeza watu wawili wa kufundisha, na ilibidi achaguliwe mmoja.

"Wewe unawajua wenzako," akasema. "Wajaribu wote wawili, kila mmoja somo moja au mawili, halafu uniambie tumchukue yupi."

"Meneja, mimi wa darasa la nane nitachaguaje walimu?"

"Watakaofundishwa ni nyinyi, si mimi."

Nilitoka pale nikiwa nimevimba kichwa kidogo, na usiku wake nikaogopa.

Wa kwanza walikuwa watu wa Nairobi. Wao mwalimu huja mwenyewe kwenye simu, saa mliyopanga, mnaonana uso kwa uso na kuulizana. Wa pili walikuwa watu wa Mombasa. Wao hutuma masomo yaliyorekodiwa, sauti na picha, kila mtu asikilize kwa wakati wake, akikosa arudie. Niseme kweli, kabla ya kuona lolote moyo wangu ulikuwa kwa Mombasa. Nilijua Kiswahili chao hakitatupa taabu. Nikajikanya nisiwe na upendeleo, lakini mtu kujikanya ni jambo moja na kukanyika ni lingine.

Tukaanza na Nairobi. Maagizo yalikuwa wazi, yaliandikwa na mimi nikayasoma kwa sauti: kila mtu na simu yake, mahali pake, peke yake. Wote wakaitikia ndiyo. Siku ilipofika, hakuna hata mmoja aliyekaa peke yake. Sikushangaa, maana hata mimi sikukaa. Kwetu ukimwambia mtu kuna darasa, atakuuliza, "Kwa nani?" Maana yake, ni kwenye mkeka wa nani. Chuoni tulikaa mkeka mmoja, tukasoma kwa sauti moja, na aliyepotea katikati alibebwa na sauti za wenzake mpaka akaidaka tena. Basi wanawake wote wa usafi wakajaa kwa Bi Mkubwa, kwa sababu mkeka wake ni mkubwa na simu yake ndiyo yenye kioo kipana. Kaipata kwa mwanawe anayefanya kazi Uarabuni. Simu ikaegemezwa kwenye kopo la maziwa. Zetu tukazifungia mikobani ili zisile bando bure.

Mwalimu akatokea, kijana wa miwani.

"Hamjambo? Naona ameingia mtu mmoja tu. Wengine wako wapi?"

"Tupooo!"

Akarudi nyuma kidogo. "Samahani, hapa ninachoona ni... kama dari."

"Hayo ni mabati ya Bi Mkubwa, mwalimu," alisema dada wa kufulia, ambaye naye ni mtu wa bara, na neno halimlali mdomoni. "Ngoja tukusimamishe vizuri."

Akasimamishwa. Alipoziona nyuso zote zile na leso zetu, na Bi Mkubwa katikati, akabadilisha sauti. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mkubwa akaitikia. "Kwenu hawajambo? Mama hajambo? Mvua imenyesha huko?"

Akajibu yote. Halafu kila mmoja wetu akamsalimia kwa zamu yake, maana haikuwezekana mmoja asalimiwe na mwingine arukwe, na kila mmoja akamuuliza habari za nyumbani. Sehemu nzuri ya somo iliishia hapo. Yule kijana hakutazama saa hata mara moja, au kama alitazama alijificha. Akaanza kufundisha rangi za vitambaa: hiki cha choo, hiki cha vioo, hiki cha jikoni, wala visikutane.

"Cha choo ni rangi gani?"

"Nyekunduuu!"

"Mmoja mmoja, tafadhalini."

"Nyekundu." "Nyekundu." "Nyekundu." Ikazunguka mkeka mzima kama tasbihi, na mwalimu mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka.

Mwishoni yalikuja maswali ya kubonyeza. Dada wa kufulia aliyasoma kwa sauti, sote tukabishana mpaka tukakubaliana, na Bi Mkubwa akabonyeza. Ilikuwa simu yake. Hakuna ambaye angepeleka kidole chake pale.

"Hapo, Bi."

"Hapa?"

"Juu yake. Enhee. Bonyeza usiogope, haikung'ati."

Wiki iliyofuata tukawajaribu wa Mombasa. Sauti ilikuwa ya mwanamke, tamu, imetulia. "Hamjambo ndugu zangu," ikasema.

"Hatujambo, mwanangu," Bi Mkubwa akajibu. "Na nyinyi huko..."

"Leo tutajifunza jinsi ya kuosha mikono," sauti ikaendelea.

"Lo! Hata hakungoja!"

Tukamweleza kuwa imerekodiwa, mwenyewe hayupo, pengine yuko nyumbani kwake anapika. Akasema, "Basi asiniulize hali kama jibu langu hana haja nalo."

Nisimwonee mtu. Masomo yale yalikuwa mazuri, na picha zake wazi kuliko za Nairobi. Aliyezoea kukaa peke yake na simu yangemfaa sana. Lakini mmoja wetu aliuliza, "Hii ikinimwagikia mkononi nifanyeje?" na sauti ilikuwa imeshaendelea mbele. Tukairudisha nyuma, haikuwa na jibu. Tukatawanyika tukisema kila mtu atamalizia kwake. Kwake kulikuwa na vyungu, na watoto, na usingizi. Mwisho wa wiki hakuna aliyemaliza. Na mimi mchaguzi sikumaliza.

Halafu yakaja matokeo ya Nairobi. Mwanafunzi aliyehudhuria: mmoja. Jina lake: Bi Mkubwa. Alama zake: zote. Wengine wote, mimi nikiwemo, watoro.

"Yaani tumekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, tukaitwa watoro!" dada wa kufulia alipiga makofi. "Bi Mkubwa, sasa wewe ndio msomi wetu. Tutakuamkia kwa Kizungu."

Meneja alifurahi sana, na hapo ndipo shida ilipoingia. Akaniambia wale wa Nairobi wanakubali kuyahesabu majaribio yale kuwa mtihani, kwa hiyo Bi Mkubwa ameshapata cheti. "Nilikuwa na wasiwasi naye kuliko wote, na yeye ndiye wa kwanza kuvuka. Lakini hawa wengine, mbona hawakuingia darasani?"

Nilisimama pale nikitazama feni. Ningenyamaza, Bi Mkubwa alikuwa amepona, na wenzangu wameitwa wavivu kwa muda tu, wangefanya tena na kupita. Ningesema, ningemnyang'anya kazi mtu aliyenitia hiyo kazi mkononi. Nikamwomba meneja aningoje mpaka kesho.

Jioni nikapita ule ua wa makuti. Nilimkuta anamenya muhogo. Nikamweleza. Alicheka mpaka kisu akakiweka chini.

"Hicho cheti si changu, ni cha simu. Waipe simu hiyo kazi, ikapige deki."

Nikacheka naye. Kisha akakishika kisu tena, akamenya, na maganda yakawa yanatoka marefu.

"Na wewe utasema?"

"Sijui, Bi."

"Nikinyamaza nacho, nitakuwa nimemwibia nani?"

Kuibiwa hakuna aliyeibiwa. Ila nilikuwa nikimwona mbele yangu, ndani ya zile nyumba mpya, peke yake chooni, amefungua chupa asiyoijua, na cheti kimesema anaijua. Nikamkumbusha siku ile ya kivulini na maziwa. Nilisema vibaya, kwa kuzungukazunguka, lakini alinielewa.

Akaosha mihogo yote, akaipanga sufuriani. Ndipo akasema, "Sema. Lakini kesho na mimi nitakuwapo pale. Sitaki kusemwa nyuma."

Akaja kweli, amevaa buibui lake la harusi. Nikasema yote: mkeka mmoja, simu moja, kidole kimoja. Meneja alicheka, kisha akamtazama Bi Mkubwa na kicheko kikamkatika.

"Sasa tumchukue yupi?"

Nilisema Nairobi. Nilijishangaa mwenyewe. Nikasema, Kiswahili cha Mombasa kimekishinda cha Nairobi kwa mbali, lakini mwalimu wa Nairobi yupo. Ukimsalimu anaitika. Ukimuuliza kuhusu mkono wako anakujibu kuhusu mkono wako. Ila nikaomba mambo mawili: darasa libaki mkekani, Jumamosi baada ya Alasiri, na mtihani kila mtu afanye peke yake, kwa mdomo, kwa Kiswahili. Walikuwa na haki ya kukataa. Hawakuwa wamezoea hivyo, na walichukua siku kadhaa kutujibu, kisha wakakubali, wakasema mtu akishindwa atarudia mara moja tu. Kile cheti cha simu kikafutwa.

Mtihani wa kwanza ulikuwa baada ya Idi. Tuliingia chumbani kwa Bi Mkubwa mmoja mmoja. Sisi wengine sote tukapita. Bi Mkubwa aliingia wa mwisho. Mwalimu alimuuliza atajuaje dawa iliyo ndani ya chupa. Akasema, "Nanusa, mwanangu." Mwalimu akaligeuza swali, akaliuliza kwa namna nyingine, halafu kwa namna nyingine tena, na sote tulio nje tulisikia kwamba anamsaidia. Bi Mkubwa alidhani anasifiwa. "Nanusa tu! Miaka yote pua hii haijanidanganya."

Alitoka akijitanda leso upya. "Nimeanguka," akasema. Dada wa kufulia aliukunja mkeka.

Niliingia nyumbani nikamwambia mume wangu, nimemharibia mtu. Akasema, "Umesema kweli." Nikamwambia sikumwuliza kama ni kweli. Sikulala vizuri siku nyingi.

Nikaanza kwenda naye kazini chumba kwa chumba. Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimeshabeba ndoo. Akaishika.

"Lete."

"Hapana, Bi, mimi nitabeba."

"Anayejifunza ndiye anayebeba ndoo. Au nilikufunza vibaya?"

Nikaiachia. Akanifuata na ndoo nyumba nzima, akisimama mlangoni, akitazama, na mimi mikono yangu ikawa mizito kama siku ile ya shuka ya kwanza. Nikamwonyesha vifuniko vya chupa, kila dawa na rangi yake. Alifungua kimoja akapeleka pua, nikamshika mkono. Sikuwa nimewahi kumshika mkono kwa kumzuia. Akanitazama, mimi nikatazama chini, akakifunga. Siku ya pili alifanya tena, nikakitoa kifuniko mkononi mwake bila neno, nikakifunga, nikamrudishia chupa. Nadhani alitambua jambo hilo nimelitoa wapi, maana alitabasamu upande mmoja. Saa ya mapumziko tulikaa nyuma ya nyumba tukala muhogo. Mvuke haukuwapo, siku hizi nguo hupelekwa zikapigwe pasi kwingine. Alimwiga mwalimu wa miwani anavyosema "mmoja mmoja, tafadhalini", nikapaliwa.

Basi, leo. Baada ya Alasiri tukakusanyika kwake, si wote, maana mtihani ulikuwa wa mmoja, lakini walioweza kuja wakaja. Mvua juu ya mabati ilikuwa kama mtu anamwaga mbaazi kwenye sinia, bila kumaliza.

"Bi, sikusikii," mwalimu alipiga kelele. "Kuna nini huko?"

"Mvua!"

"Nini?"

"Mwambieni tunampigia makofi," dada wa kufulia akasema.

Mwalimu akasema kama hasikii hawezi kumpa alama, na leo ndiyo siku aliyopangiwa. Tukatazamana. Mimi nikatazama nje, nikaliona jiko. Jiko la Bi Mkubwa liko nje, limeezekwa kwa makuti, na mvua juu ya makuti haina sauti. Chungu chake cha muhogo kilikuwa motoni. Tukamfunika leso mbili, akapita uani ameikumbatia simu kifuani, akaingia, na sisi tukaambiwa tubaki ndani. Wenzangu walibaki. Mimi nilisimama upenuni mwa jiko, mgongo ukutani, nikalowa. Mwalimu alisema mtahiniwa awe peke yake ndani, na mimi sikuwa ndani. Ndivyo nilivyojiambia. Kama ni makosa, basi ni makosa.

Vitambaa alivijibu vyote, bila kuimba. Mikono akaijibu. Kisha nikalisikia lile swali.

"Umekuta chupa, Bi. Utajuaje kilichomo?"

Nilisikia kuni zikilia.

"Zamani nilinusa," akasema. "Iliniliza siku moja. Sasa sinusi. Natazama kifuniko, rangi yake."

"Na kama kifuniko kimebadilishwa?"

Hilo mimi sikumfunza. Halikunijia akilini hata kidogo. Nilifumba macho.

"Siiguzi," Bi Mkubwa akasema. "Naiacha pale pale, naenda kumwita mwenzangu anisomee lebo. Mimi sisomi hayo maandishi, mwanangu. Wao wanasoma."

"Na kama mwenzako hayupo?"

"Atakuja. Choo kitangoja."

Mwalimu alicheka kidogo. Halafu akasema jibu hilo ni sahihi, kwamba angetamani wanaojua kusoma nao wangelijibu hivyo, maana wengi husema watakisia. Akamuuliza mengine mawili, akasema, "Hongera, Bi. Umepita. Cheti kitaandikwa jina lako."

"Alhamdulillahi. Huko kwenu mvua imenyesha?"

"Imenyesha, Bi."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Sijui kama mamake anamjua Bi Mkubwa. Pengine amemsimulia.

Alipotoka alinikuta nimelowa chapachapa, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akanivisha moja ya zile leso mbili. Ndani wakapiga vigelegele mpaka mvua ikashindwa. Dada wa kufulia alitaka kumbeba mgongoni. Akafukuzwa kwa mwiko. Ndipo Bi Mkubwa akanusa hewani. "Muhogo wangu!" akasema, akakimbilia jikoni.

Kama angeanguka leo, sijui ningeandika nini hapa. Yale maneno ofisini yangekuwa yale yale, na mimi ningekuwa mtu yule yule niliyeyasema. Meneja ameniuliza kwa simu kama tuendelee na mwalimu huyu kwa masomo ya mwaka ujao. Nimemwandikia ndiyo, bora mkeka uwepo, na wakati wa masika tusomee jikoni.

Bi Mkubwa alinijazia bakuli nikalipitisha juu ya ua. Tumekula muhogo wa nazi na papa mkavu wa kuchoma. Mume wangu alionja akasema, "Huu umeungua." Nikamwambia umeungua ndiyo, nikamwongeza. Ameumaliza, na ukoko wa chini tumegombania.